Ua la Njano Katika Njia ya Masisi na Walikale

Barabara itokayo Goma kwenda magharibi hufuata ukingo wa ziwa Kivu, ikipita juu ya miamba myeusi ya volkano, hata ifike Sake, umbali wa kilomita 25 hivi. Hapo msafiri huona wazi kazi ya moto wa chini ya ardhi. Kati ya mwaka 1938 na 1940 mlima Nyamulagira ulitapika, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukashuka mpaka ziwani karibu na Sake. Kisha barabara huacha ziwa na kupanda milima ya Masisi. Hewa hupoa, ukungu hukaa mabondeni asubuhi, na vilima huonekana kijani kibichi, ng'ombe wakilisha juu yake kama madoa meupe na mekundu. Zamani sehemu kubwa ya vilima hivyo ilikuwa msitu. Leo ni malisho, mashamba ya viazi na maharage, na vichaka vya mikaratusi.

Katika nchi hiyo, mvua zinapokaribia kuisha, msafiri hulakiwa na ua kubwa la njano. Limesimama kandokando ya njia, juu ya kingo zilizochimbwa, nyuma ya nyumba, na katika viwanja visivyolimwa. Shina lake huzidi kimo cha mtu, na mara nyingi hufika mita mbili au tatu. Majani yake ni mapana, yamegawanyika kama vidole vya mkono, na ukiyasugua hutoa harufu kali. Ukiyaonja ni machungu mno. Kwa mbali ua lenyewe lafanana na alizeti, ndiyo maana wengi huliita alizeti-mwitu. Wataalamu wa mimea huliita Tithonia diversifolia. Wajaluo wa Kenya huliita maua makech, maana yake maua machungu.

Watoto wa shule hulichuma kupamba darasa, na kina mama hulipanda kuwa ua wa boma. Ni zuri, hakuna awezaye kukana. Lakini, ndugu msomaji, uzuri wa ua hausemi yote kuhusu mmea. Yafaa tujue limetoka wapi, linasafiri kwa njia gani, na linatafuta nini katika mashamba yetu.

LIMETOKA WAPI

Alizeti-mwitu si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Meksiko na nchi za Marekani ya Kati. Kutoka huko watu walilichukua kwa sababu ya uzuri wake, wakalipanda katika bustani za Asia na Afrika, kandokando ya majumba, mashamba makubwa na barabara. Halikuja kwa nguvu zake lenyewe. Mkono wa mtu ndio uliolivusha bahari.

Hapa tuseme jambo moja bila kuficha, kwa kuwa twaandika habari za nchi ambayo neno "mgeni" limekwisha kuleta machozi mengi. Kutoka mbali si kosa la mmea. Mahindi yalitoka Marekani, na mihogo vilevile. Maharage, viazi vitamu na viazi vya mviringo vilitoka huko huko. Ukiyaondoa hayo yote mezani, mama wa Masisi atapika nini? Kwa hiyo mtu yeyote asichukue habari hii ya mimea akaitumia kuwapima wanadamu. Mtu si gugu, wala nchi ya watu si shamba la kupalilia majirani. Swali letu ni hili tu: mmea huu unafanya nini katika udongo, na sisi tuufanyeje?

MAUA MAWILI YA JAMAA MOJA

Katika milima hiyohiyo kuna ua jingine lililoletwa na watu, nalo ni pareto. Ua la pareto ni jeupe, na kati yake ni njano. Wakulima wa Kizungu walilileta Kivu wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa sababu ndani yake hutolewa dawa ya kuua wadudu. Hupenda baridi ya milimani, na lilipandwa Masisi, Rutshuru na Lubero.

Pareto na alizeti-mwitu ni wa jamaa moja. Katika jamaa hiyo kile tunachokiita ua si ua moja, bali ni mkusanyiko wa vijiua vidogo vingi vilivyobanana katika kichwa kimoja, na vijiua hivyo vinaweza kutoa mbegu. Hata hivyo tabia zao zatofautiana sana. Pareto lahitaji jembe. Lisipopaliliwa, nyasi hulifunika, nalo hufa. Alizeti-mwitu halihitaji mtu wa kulitunza. Mahali ambapo pareto hushindwa na nyasi, lenyewe hupanda juu ya nyasi na kuzinyima mwanga wa jua.

Kwa hiyo mimea miwili iliyoletwa na watu wageni si lazima iwe na mwisho mmoja. Mmoja hubaki mtumishi shambani, na mwingine hutoka bustanini na kwenda zake.

NJIA ZAKE ZA KUSAFIRI

Mmea huu huenda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mbegu. Kila kichwa kikikauka hutoa mbegu nyingi, nyembamba na nyepesi. Upepo huzisukuma, maji ya mvua huzikokota, na matope huzibeba. Fikiri tu juu ya matope yanayoshika magurudumu ya lori kati ya Sake na Masisi, au miguu ya ng'ombe wanaopelekwa sokoni, au chukudu lililopakiwa makaa na viazi. Katika matope hayo mbegu husafiri bila kulipa nauli.

Njia ya pili ni shina. Kata kipande cha shina bichi, ukitupe juu ya udongo wenye unyevu, nacho chaweza kutoa mizizi na kuwa mmea mpya. Ndiyo sababu watu hulipenda kwa kujenga ua wa boma, maana huchomeka vijiti tu. Lakini ndiyo sababu pia mtu alifyekaye na kuyaacha mashina yametapakaa ni kama mtu aliyelipanda. Tena kisiki kilichobaki ardhini huchipua upya, na badala ya shina moja hutokea mengi.

Mmea huu hupenda mahali penye jua na udongo uliotikiswa. Barabara mpya, ukingo uliochimbwa, mteremko ulioporomoka, shamba lililolazwa: hayo ndiyo makazi yake. Kwenye baridi nyingi huko juu hupungua. Nchini Kenya wachunguzi waliliona hasa kati ya mita 550 na mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mabonde na miteremko ya chini yanalifaa kuliko vilele vya Masisi, ambavyo vingi huzidi mita 2,000.

KUSHUKA WALIKALE

Tupite Masisi mjini na Nyabiondo, tuendelee magharibi. Barabara yaanza kushuka, na nchi yabadilika. Malisho hupungua, hewa huwa nzito na ya joto, na msitu mkubwa wakaribia. Mito iliyozaliwa milimani, kama Oso, huelekea mto Lowa, ambao hupita Walikale na kumwaga maji yake katika Lualaba. Walikale yenyewe iko chini ya mita 1,000. Hii ni nchi ya Wanyanga, Wakano, Wakumu na wengine, watu waliojua msitu kwa majina ya kila mti, kila mzizi na kila mnyama.

Udongo wa huku si sawa na ule wa karibu na volkano. Kule mashariki majivu ya volkano yameutia rutuba. Huku Walikale mvua nyingi za karne na karne zimeusafisha udongo, zikaubakiza mwekundu au wa manjano, maskini wa chakula cha mimea. Unene wa msitu usimdanganye mkulima. Utajiri wa msitu umo katika majani yanayooza juu ya ardhi na katika miti yenyewe. Ukiukata na kuuchoma, shamba hutoa mavuno mazuri misimu michache, kisha huchoka.

Ndani ya msitu mzima alizeti-mwitu haliingii kwa urahisi. Chini ya miti mikubwa kuna kivuli, nalo hulilia jua. Hivyo msitu uliosimama ni boma lenye nguvu kuliko panga lolote. Lakini palipokatwa miti, mwanga huingia. Barabara hufungua mlango wa kwanza, shamba hufungua wa pili, na uwanja wa machimbo ya madini hufungua wa tatu. Walikale yajulikana duniani kwa madini ya bati, hasa ya mlima wa Bisie, na palipo na machimbo pana watu wengi, njia za miguu, magunia na udongo uliogeuzwa. Sehemu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, imo katika wilaya hii. Ndani yake huishi sokwe wakubwa wa Grauer, ambao hawapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. Chakula chao ni majani, mashina na matunda ya mimea ya msitu. Tukiharibu kivuli cha msitu, tunabadili pia meza yao.

MASHAMBA YALIYOACHWA

Kuna jambo moja zaidi linalofungua ardhi kwa mmea huu, nalo ni la huzuni. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalizuka Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata, na baada ya hapo vikundi vya wenye silaha havikukosekana. Januari 2025 vita vilifika tena Masisi mjini, na Machi mwaka huohuo vikafika Walikale mjini. Kila mara watu walifunga mizigo yao, wakaacha mihogo ardhini na maharage yakiwa na maua.

Shamba lililoachwa halikai tupu. Katika desturi za wazee, kulilaza shamba kulikuwa pumziko: mimea ya msitu ilirudi hatua kwa hatua, miti midogo kwanza, kisha mikubwa, na udongo ulipata nguvu. Lakini alizeti-mwitu likiwa karibu, huwahi kabla ya wengine. Huota kwa haraka, husongamana, hutia kivuli juu ya miche midogo. Tena wachunguzi wameona kwamba maji ya majani yake yana uchungu unaozuia mbegu za mimea mingine zisiote vizuri. Mama anayerudi baada ya misimu miwili ya ukimbizi aweza kukuta vichaka vimepita kichwa chake mahali alipokuwa akivuna. Mwenye kurudi hana ng'ombe tena, mbegu ni chache, mikono ya kusaidia imepungua, nalo shamba lahitaji kazi mara mbili.

Tusilaumu ua kwa vita. Lakini tujue kwamba siku za kwanza za kurudi zina thamani kubwa, kwa sababu gugu lililokatwa kabla ya kuzaa mbegu si sawa na gugu lililokwisha kuzaa.

MFANO WA MTO

Wakongo wamekwisha kuonywa na ua jingine. Gugu-maji, lenye ua la rangi ya zambarau, latoka Marekani ya Kusini, nalo pia lilipendwa kwa uzuri wake. Mwaka 1952 lilionekana katika mto Kongo. Kwa muda wa miaka mitatu tu likaenea zaidi ya kilomita 1,000 za mto, likizuia mitumbwi, nyavu na meli. Serikali ya wakati ule ilipulizia dawa kutoka merikebu, ikatumia fedha nyingi, lakini gugu halikumalizika. Maji ya Lowa huishia katika mto huohuo.

Alizeti-mwitu haliendi mbio kama gugu-maji, wala halifungi mito. Lakini katika nchi nyingine limekwisha kuwa taabu. Kusini-magharibi mwa Nijeria ni gugu linalosumbua mashamba. Afrika ya Kusini sheria imeliweka katika orodha ya mimea inayopaswa kuzuiwa. Wenye busara hutazama nyumba ya jirani kabla moto haujafika kwao.

FAIDA ILIYOFICHWA KATIKA JANI

Je, basi tulichukie kabisa? La. Mkulima mwerevu hata gugu hulilazimisha kufanya kazi.

Magharibi ya Kenya, hasa karibu na Maseno, wachunguzi na wakulima walilijaribu mmea huu katika miaka ya 1990. Waliona kwamba majani mabichi yake, yakipimwa baada ya kukaushwa, yana naitrojeni karibu asilimia 3.5, fosforasi karibu asilimia 0.37, na potasiamu karibu asilimia 4.1. Hicho ni chakula kizuri sana cha mimea. Tena majani hayo huoza upesi yakifukiwa, hata mahindi na mboga hupata nguvu katika msimu uleule. Kwa mtu asiyeweza kununua mbolea ya dukani, hii ni hazina iliyo kando ya njia.

Lakini tuelewe hesabu yake. Maharage, kwa msaada wa vijidudu vilivyo mizizini, huvuta naitrojeni kutoka hewani. Alizeti-mwitu halifanyi hivyo. Linakusanya chakula kilichomo ardhini pale liliposimama, na wewe unakihamisha kwa kubeba majani. Likiota ukingoni mwa barabara, umefaidi shamba lako. Ukilipanda shambani, halikuongezi kitu. Tena majani mabichi yamejaa maji, ni mazito, na kuyabeba mbali juu ya kilima ni kazi ya kuvunja mgongo. Wakulima wa Kenya waliona faida zaidi walipoyatumia katika bustani ndogo za mboga karibu na nyumba. Katika udongo uliochoka wa Walikale bustani ya namna hiyo yaweza kuwa msaada wa kweli kwa chakula cha watoto.

ONYO JUU YA DAWA

Katika nchi nyingi watu huchemsha majani hayo machungu kutibu homa ya malaria na maumivu ya tumbo. Si upuuzi mtupu. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba katika majani hayo mna kitu kiitwacho tagitinini C, chenye nguvu ya kuua vijidudu vya malaria katika chupa za majaribio. Lakini kitu hichohicho huua pia chembe hai za mwili. Panya waliopewa dawa ya majani hayo walionekana kudhurika ini na figo. Kwa hiyo mzazi asimnyweshe mtoto, wala mama mjamzito asinywe. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya, apimwe damu, apewe dawa iliyothibitishwa. Saa moja ya kungojea majani yachemke yaweza kuwa saa iliyokosekana.

TUFANYE NINI

Shauri letu ni fupi: tutumie jani, tulinyime mbegu.

Kwanza, likatwe kabla maua hayajakauka. Wakati huo majani ni mengi na laini, mbegu bado. Ukingoja mpaka vichwa viwe vya kahawia, kila pigo la panga humwaga mbegu mpya.

Pili, majani na ncha laini zifukiwe shambani, lakini mashina mazito yasitupwe juu ya udongo. Yaanikwe juu ya mawe au juu ya uchanja, yakauke kabisa, kisha yawe kuni.

Tatu, mahali usipolitaka, kufyeka pekee hakutoshi. Kisiki king'olewe pamoja na mizizi, na miche midogo itafutwe tena msimu unaofuata, na ule wa baadaye.

Nne, ardhi iliyosafishwa isiachwe uchi. Ipandwe upesi viazi vitamu au maharage, migomba na miti ya kivuli, kwa maana mmea huu hushindwa mahali jua halifiki.

Tano, mtu asichukue vijiti vyake kwenda kupanda mahali ambapo haujafika, hasa kandokando ya msitu. Kwa boma jipya zipo mimea ya asili ambayo wazee wanaijua. Waulizwe wangali hai.

Ninyi wanafunzi mna sehemu yenu. Mwalimu awaongoze kuhesabu vichaka vya ua hili kutoka shuleni mpaka mtoni, mwaka huu na mwaka ujao, na kuandika katika daftari limeota wapi: ukingoni, shambani, au chini ya miti. Mtajifunza hesabu, elimu ya mimea na habari za nchi yenu kwa kazi moja. Na mwaka wa tatu mtaweza kuwaambia wazazi wenu, kwa ushahidi, kama ua la njano limesimama au limesonga mbele kuelekea msituni, na ni shamba la nani linalohitaji mikono kwanza.